Februari ya Wageni, Desemba ya Wenyewe

Ukitaka kujua Moshi kuna nini wiki hii, usihangaike na mbao za matangazo. Njoo ukae steshenari. Kila jambo la mji huu hupita kwenye karatasi kabla halijawa tukio: ratiba ya mazishi, kadi ya mchango wa harusi, barua ya mtendaji wa kata, katiba ya kikundi cha akina mama wanaoomba mkopo halmashauri, uthibitisho wa mtu aliyelipia mbio za Februari na bado anataka aushike mkononi kwa sababu simu huisha chaji. Mimi ndiye niliye nyuma ya mashine. Nachapa, natoa kopi, naskani, na Kiswahili cha watu nakinyoosha bila kuwatoza.

Chukua ile mikopo ya asilimia 10 ambayo halmashauri hutenga kutoka mapato yake, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Sikungoja taarifa ya habari. Nilijua imerudi pale akina mama walipoanza kuja watatu watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakibishana juu ya jina la kikundi. Upendo limeshachukuliwa, Tumaini limeshachukuliwa, Amani usiseme. Mwishowe wakabaki na jina lao la zamani, wakaliongezea namba mbili mwishoni, wakacheka, wakalipa.

Kwanza niseme Moshi ni nini, maana wageni wengi huiona kama geti la kuingilia Mlima Kilimanjaro. Kisheria si jiji. Ni manispaa, hadhi iliyoipata mwaka 1988, yenye eneo lisilofika kilomita za mraba 60 na, kwa sensa ya 2022, wakazi zaidi ya 220,000. Habari za kuwa jiji tumezisikia miaka na miaka. Ili tuwe jiji inabidi mipaka ivuke iingie Moshi Vijijini, na huko wapo wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, ambao wakisikia neno "mipango miji" wanaona kodi, viwanja na barabara inayopasua migomba ya babu. Siwalaumu. Hata mji huu wenyewe ulihama. Moshi ya kwanza iko juu, ndiyo inayoitwa Old Moshi mpaka leo. Hii ya chini ilikua ubavuni mwa reli iliyofika kutoka Tanga mwaka 1911. Stesheni ikavuta maduka, maduka yakavuta watu, na jina likashuka nao.

Hilo la mji kuwa chini na nyumbani kuwa juu ulishike, maana ndilo linaloeleza karibu kila kitu nitakachosema.

Moshi hujaa mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, wageni wanapokuja kukimbia. Kilimanjaro Marathon ilianza 2003 na sasa ni sikukuu kabisa. Mbio ndefu ni kilomita 42, nusu yake 21, halafu ile fupi ya kilomita 5 ambayo watu huikimbia na watoto wao, na wengine huitembea tu wakipiga picha. Kituo ni uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, chuo kilichoanza 1963 kufundisha makatibu wa vyama vya msingi na ambacho kwa Jumapili moja huwa katikati ya dunia. Wa kilomita 42 hutoka kwanza na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, wakageuza, wakapita mjini, kisha ndipo shughuli inapoanza: kupanda kuelekea Mweka, na jua nalo linapanda. Mama mmoja muuza ndizi aliniambia yeye haangalii wa kwanza, Wakenya wanapita mbio mno hata sura huzioni. Anaangalia wa mwisho. Wale ndio wanaozungumza peke yao, ndio wanaonunua ndizi.

Wiki hiyo mji hubadilika. Vyumba hujaa mpaka watu wanalala Himo, Boma Ng'ombe, wengine Arusha. Bodaboda wanapandisha nauli bila haya. Mashimo yaliyodumu tangu masika ya mwaka jana yanapata viraka, kingo za barabara zinapakwa rangi, taa zilizokufa zinafufuka. Na kwa kuwa mbio ni Jumapili na Moshi ni mji wa makanisa, ibada ya kwanza siku hiyo ina watu wenye haraka: kuna kwaya zinazojua kabisa kwamba wimbo wa tatu ukizidi urefu, nusu ya waumini watakwama ng'ambo ya barabara iliyofungwa.

Sina ugomvi na mbio. Zinaniingizia hela, na napenda kuona mji ukiwa na watu wasiokuja kuugua wala kuzika. Ila huwa natazama jinsi mambo yanavyopangwa. Maji njiani, magari ya wagonjwa, askari kila njia panda, na chupa zote kuokotwa ndani ya saa chache. Ili hayo yatokee, polisi, watu wa afya, wa usafi, wenye hoteli na wenye mabasi lazima wakae meza moja na kuelewana. Wanakaa kwa sababu ipo tarehe na wapo wageni. Barabara ya mtaani kwetu haina tarehe. Mtaro wetu ambao masika ukifika unaingiza maji kwenye vyumba vya nyuma hauna mgeni anayekuja kuuona. Uwezo kumbe upo. Kinachokosekana ni sababu ya kukaa meza moja.

Hapo hapo, msimu huo huo, kuna siku nyingine ambayo mjini haifungi barabara. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine, kule Old Moshi. Fuvu lake linaaminika kupelekwa Ujerumani, na familia imetumia miaka mingi kulitafuta. Wapo wanaopanda kule kila mwaka kumkumbuka. Ni safari fupi kutoka katikati ya mji, Noah zinapanda. Sijawahi kuletewa bango la siku hiyo nichape. Wageni waliojaa mjini kwa ajili ya mbio wangeweza kukaa siku moja zaidi wakapandishwa huko na vijana wetu wanaotafuta kazi ya kuongoza watalii, na jambo hilo lisingegharimu halmashauri zaidi ya karatasi chache za rangi. Hizo ningechapa kwa bei ya kawaida.

Turudi kwenye usafi, maana ndio sifa yetu. Miaka kadhaa Moshi iliibuka ya kwanza kwa manispaa katika mashindano ya usafi ya kitaifa, na hadithi ya faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka imesafiri kuliko hata mlima. Makondakta wa mabasi ya Arusha na Dar wameigeuza tangazo: basi likikaribia mji utasikia, "Jamani tumeingia Moshi, maganda wekeni kwenye mfuko." Abiria anayeshuka kwa mara ya kwanza anashuka na ganda la chungwa kiganjani, anaangalia huku na huku akitafuta pipa. Nimemwona huyo mara nyingi. Inafurahisha.

Lakini faini haifagii. Anayefagia ni mama aliyevaa kizibao cha kung'aa, fagio la chelewa mkononi, anayeanza kazi giza bado lipo, mabasi ya alfajiri yakiwa yanaunguruma stendi. Mmoja wao hutoa kopi kwangu: kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki ya mjukuu, fomu za shule. Nilimuuliza siku moja sehemu gani ya mji ni ngumu. Nilidhani atasema sokoni. Akasema ni chini ya miti ya barabara za Shanty Town, msimu ambao majani yanaanguka, "maana majani mwanangu hayaogopi faini."

Shanty Town, kwa asiyejua, ni mtaa wa kifahari. Usiniulize.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nayo ina utaratibu wake. Tangu Rais Magufuli alipoigeuza sherehe ya Uhuru ya 9 Desemba 2015 kuwa siku ya kufanya usafi, na baadaye usafi wa mwisho wa mwezi ukatangazwa nchi nzima, maduka hufungwa asubuhi tukafagia kwanza. Mwanzoni watu walitoka kweli. Siku hizi duka linafungwa, mwenye duka anakaa nyuma ya mlango anakunywa chai mpaka saa nne. Kitu kilichobadilisha mitaro yetu kwa macho yangu ni marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019. Kabla ya hapo mvua moja tu ilitosha kuziba kalavati la njia ya Pasua.

Na usafi unaosifiwa una mipaka yake. Uko barabara za lami. Ukiingia ndani, Njoro, Boma Mbuzi, vichochoro vya Pasua na Majengo, gari la taka halipenyi. Linasimama barabarani, linapiga honi, na hapo unaona wanawake wanatoka na visalfeti vichwani wakikimbilia honi. Ukichelewa, taka zinalala kwako mpaka zamu nyingine. Ada ya taka unalipa sawa na aliyefikiwa mlangoni. Nimeshasikia maelezo ya jambo hilo kutoka kwa watu wenye vyeo na wasio na vyeo, na maelezo yote yana mantiki, na honi bado inapigwa kule kule.

Maji kwa upande wetu ni jambo la kushukuru, niseme ukweli. Chemchemi za mlimani, kama Nsere na Shiri, zinatuletea maji kwa mserereko, na MUWSA, mamlaka yetu ya maji, imetajwa mara nyingi miongoni mwa mamlaka bora za maji nchini. Anayehama kutoka Dar huchukua muda kuzoea kwamba unaweza kufungua bomba na likatoka jambo. Majitaka ya katikati ya mji huteremka mpaka mabwawa ya Mabogini, yakishatulia na kusafishwa huko yanakwenda mashambani kwenye mpunga. Kama hilo lingekuwa Ulaya wangelitengenezea makumbusho.

Sasa Jumamosi. Hapa ndipo ninapojua kazi yangu.

Jumamosi za Moshi ni za misiba. Wiki nzima mtu anaweza kufia popote, Dar, Mwanza, Nairobi, lakini mwili utaletwa, utalala hospitali ya KCMC au Mawenzi, na Jumamosi utapandishwa juu ukazikwe kwenye kihamba, katikati ya migomba, pembeni ya baba na babu. Mchagga, mwenyeji wa mlima huu, hazikwi mjini ila kwa mkosi. Kwa hiyo Ijumaa jioni, saa ambayo wenzangu wanafunga, mimi nawasha taa. Wanakuja. Mara nyingi ni kijana, mpwa wa marehemu aliyepewa kazi hiyo kwa sababu "anajua kompyuta", simu mbili mkononi, moja ina picha ya marehemu na nyingine ina shangazi anayepiga kila dakika tano.

Ratiba haina siri: mwili kutoka hospitali, kuwasili nyumbani, kuaga, wasifu, salamu, ibada, maziko, mashada, neno la shukrani, chakula. Siri iko kwenye wasifu. Mstari mmoja tu, ule wa "ameacha", unaweza kula saa nzima. Ameacha mjane, watoto saba. Simu inaita. Hapana, wanane. Kijana ananitazama, mimi natazama kioo. Simu inaita tena, sauti nyingine, ya mwanamume mtu mzima, nasikia hata mimi: andika saba. Nimejifunza kutosema neno. Kuna familia moja, baada ya kuvutana sana, kijana mwenyewe alivuta kiti akaandika "ameacha watoto na wajukuu", bila namba, akaniambia chapa kopi mia tatu kabla hawajapiga tena.

Nakala hizo mia tatu kesho yake zinapanda na Coaster kwenda Kibosho, Machame, Kilema, Rombo. Asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, ukisimama barabara ya KCMC utaona misafara ikifuatana, taa zimewashwa mchana. Wenye bajaji wanajua kutoa njia. Hakuna askari, hakuna kibali, hakuna kamati ya mji, na mambo yanakwenda. Turubai, viti, vyombo, spika, kila mtaa una chama cha kuzikana chenye daftari, na aliyekosa kuchangia msiba wa mwenzake anajua kitakachompata wa kwake. Hiyo ndiyo huduma ya jamii iliyo kamili kuliko zote nilizoziona mji huu, na hakuna ofisi inayoiendesha.

Waislamu wa Majengo, Bondeni na Pasua hawanipi kazi ya namna hiyo. Mtu amefariki alfajiri, alasiri kashazikwa. Tangazo linatoka msikitini na miguu ya watu inatosha. Wazee wa huko hunitania kwamba Wachagga wanamfanya maiti asubiri karatasi.

Halafu Desemba.

Tanzania nzima inatutania kwamba mwisho wa mwaka Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Utani una ukweli. Kuanzia katikati ya mwezi barabara ya Dar inatiririsha magari, nauli za mabasi zinakuwa habari ya redio, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inatoa vibali vya muda kwa magari yasiyo ya njia hiyo, na polisi wa usalama barabarani hawalali. Treni ya abiria kutoka Dar, iliyokuwa imekatika tangu 1994, ilirudi Desemba 2019, na haikuwa bahati kwamba ilirudi mwezi huo. Desemba ukiona watoto wanashuka na mizigo kuliko urefu wao, wakishangaa baridi isiyo baridi, ujue wametoka Mbagala au Tabata na wanapelekwa kwa bibi.

Mji wenyewe wanaupita tu. Tarehe 23 na 24 wanashuka kununua: Soko Kuu kwa viungo, Mbuyuni kwa mchele na maharage, Memorial na Kiboriloni kwa nguo, kreti za soda, mkaa, kanda za spika. ATM zinaishiwa. Foleni ya mafuta inafika barabarani. Kisha ghafla, jioni ya mkesha, mji unakuwa mtupu, unaweza kutembea katikati ya Double Road ukasikia viatu vyako. Watu wote wako juu. Huko kuna mbege, pombe yetu ya ndizi, kuna kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa, amesimamishwa na majani mdomoni, kuna kipaimara, kuna ndoa tatu siku moja kwenye kanisa moja, na mchungaji anapanga harusi kwa zamu.

Kwa mgeni hiyo ni starehe. Mimi ninayechapa najua kinachoendelea nyuma ya starehe, kwa sababu kati ya tarehe 26 na 30 naletewa mihutasari ya vikao vya ukoo. Nadhani ndiyo nyaraka muhimu kuliko zote za mkoa huu na hakuna anayeziweka maktaba. Ajenda ya kwanza, mipaka ya kihamba. Ajenda ya pili, ada ya yatima fulani, nani atalipa muhula upi. Ya tatu, barabara ya kushuka kwenye zahanati, mchango kwa kila kaya, na mchango maradufu kwa walioko Dar na nje ya nchi. Ya nne, tanki la maji. Nimechapa mihutasari yenye bajeti iliyonyooka kuliko ya taasisi nyingi: kiasi, mkusanyaji, tarehe ya mwisho, na jina la msimamizi atakayebaki kijijini wengine wakirudi mjini. Mwaka unaofuata kuna kipengele cha "yatokanayo", na aliyeahidi saruji bila kuileta anaulizwa mbele ya mama yake.

Si desturi ya jana. Mifereji ya kumwagilia, mifongo, ilichimbwa na koo na kutunzwa na koo. Siku ya kuzibua, mwenye shamba asiyetokea alitozwa. Wakulima wa kahawa walipoanzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata 1933, fedha ya kahawa ililipa shule na ada za watoto wa watu ambao serikali ya kikoloni isingewatazama. Watu wa mlima walizoea kwamba sherehe, kikao na huduma hukaa nyumba moja. Mnakunywa, mnakubaliana, mnachanga, mnajenga. Ukipanda leo ukaona lami imefika mahali pasipo na ofisi yoyote, uliza, utaambiwa ni Desemba ya mwaka fulani.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Mjini hakuna Desemba. Waliojaa Februari ni wageni, wanaondoka Jumatatu. Waliojaa Desemba ni wenyeji, lakini uenyeji wao uko juu. Mjini ni pa kupangia, pa kufanyia biashara, pa kungojea basi. Jirani yangu amekaa Pasua tangu ujana wake, wajukuu wamezaliwa hapo, na ukimuuliza kwao anakwambia Uru, kule juu. Mchango wake wa barabara unakwenda Uru. Matope yaliyo mlangoni pake Pasua anayavuka kwa tofali mbili, mwaka wa pili sasa, tofali hizo hizo. Na mimi, nisijifanye mwema, kwetu ni juu pia, na nimechanga tanki la maji ambalo nalinywa siku nne kwa mwaka.

Mambo ya mjini tumeyaacha kwa ofisi. Ofisi nayo inatujua kwa namba. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mwaka 2023 ikapanda kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Wanaonunua umeme ni wapangaji, wenye nyumba wanajua wenyewe walipo. Ni wenye nyumba wachache sana waliopunguza hiyo hela kwenye kodi ya chumba. Kila huduma ina kontrol namba, namba ya kulipia serikalini. Ipo ofisi moja, siitaji, ambayo mzee mmoja alikuja kwangu kutoka kwao asubuhi kuchapa kontrol namba, wakamrudisha kwa sababu mtandao uko chini, akarudi mchana, namba ikawa imeisha muda wake, akatakiwa aombe nyingine. Alikuwa anafuatilia cheti cha kifo cha mkewe. Alikaa kwenye benchi langu akanywa maji, akasema marehemu angekuwepo asingekubali kusimamishwa foleni hivi.

Chombo pekee ambacho wakazi wa mjini tunaweza kukaa kama ukoo ni mkutano wa mtaa. Wenyeviti tuliwachagua Novemba 2024, tukapanga foleni, tukapiga kura. Mkutano ukiitwa hatuendi. Unaitwa Jumamosi, na Jumamosi ni misiba. Au Jumapili jioni, na Jumapili jioni watu wamechoka na misiba. Wanaofika ni wazee kumi, mabalozi, mama mmoja anayedai taa ya barabarani, na vijana wawili wanaodhani kuna posho. Akidi haitimii, mwenyekiti anasoma mapato na matumizi haraka haraka kama mtu anayesoma masharti ya bahati nasibu, tunapiga makofi.

Safari iliyopita nilifunga duka nikaenda. Nilisimama nikapendekeza mambo mawili. Moja, mkutano ufanywe Alhamisi jioni, siku isiyo na maiti wala ibada, na uwe na chakula; kila kaya ilete kitu, ikiwezekana mbege, na daftari la mahudhurio liwe lile lile la chama cha kuzikana, ili asiyekuja mkutanoni ajulikane. La pili, mtaro wetu uwekewe tarehe. Tuchague Jumamosi moja kabla ya masika, tualike diwani, tualike walio na wheelbarrow, tutangaze kwa spika ya msiba, na mbio za kilomita 5 za watoto zipite hapo hapo kwenye matope ili mwenye kusimamia barabara aje kuona mwenyewe.

Watu walicheka kwenye lile la mbio, na wazee wawili walikubali lile la mbege kwa kuinua mikono yote miwili. Mama wa taa akauliza kama mtaro ukichimbwa taa itafuata. Mwenyekiti, mtu mstaarabu, akasema ni mawazo mazuri, yaandikwe.

Yameandikwa. Muhtasari ulikuja kuchapwa kwangu Jumatatu. Yako ukurasa wa pili, chini kabisa, kwenye mengineyo.